Mpelelezi Mmoja, Vitabu Vingi

Wanafunzi wanaopenda hadithi za upelelezi huwa na swali moja ambalo hulileta kwa mwalimu au kwa mtunza maktaba kabla ya kuazima kitabu: "Je, hiki ni cha ngapi?" Wakijibiwa kwamba ni cha tatu, na ya kuwa cha kwanza na cha pili havimo, wengi hukirudisha rafuni na kwenda zao. Hawataki kuingia katika ngoma iliyokwisha kuchezwa nusu.

Swali hilo si la kipuuzi. Maktaba za shule zetu nyingi ni ndogo, na vitabu vilivyomo ni vile vilivyosalimika baada ya kupita mikononi mwa wasomaji wengi. Aghalabu kinachopatikana ni kimoja, nacho si cha kwanza. Basi mwanafunzi anayeamini kwamba kitabu cha tatu hakisomeki pasipo cha kwanza, huenda akamaliza shule asisome hata kimoja. Na mwalimu anayemwambia kwamba vyote ni mamoja, asome chochote, huenda akamnyima raha ambayo haipatikani mara mbili. Nia yangu ni kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, maana vitabu hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Vilibuniwa na watu fulani, kwa haja fulani, na haja hizo ndizo zilizoamua kama kila kitabu kiweze kujitegemea au la.

Kwanza yafaa tutofautishe aina mbili za masimulizi, ambazo sote tumezijua tangu utotoni ijapokuwa hatukuzipa majina. Ziko hadithi za Sungura na za Abunuwasi. Nani amewahi kumwuliza bibi yake ni kisa gani cha Sungura kilicho cha kwanza? Leo Sungura anamdanganya Fisi, kesho anamdanganya Simba, na Simba wa kesho hana habari na Fisi wa leo. Sungura hazeeki, wala haoi akaacha, wala makosa ya jana hayamfunzi kitu. Kila usiku huanza upya, na mtoto aliyekuja kutembea kwa usiku mmoja tu hupata haki yake yote sawa na watoto wa nyumba ile. Kwa upande wa pili uko ujanja wa Shahrazad katika Alfu Lela Ulela. Yeye aliponea kifo kwa kuikata hadithi kila kulipopambazuka, ili mfalme amwache hai apate kuisikia iliyosalia. Anayekosa usiku mmoja wa Shahrazad amepoteza kiungo cha mnyororo.

Magazeti ya Uingereza ya karne ya 19 yalifuata njia ya Shahrazad. Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers sehemu kwa sehemu, kila mwezi, katika miaka ya 1836 na 1837. Wilkie Collins alipotunga The Moonstone mwaka 1868, riwaya ambayo huhesabiwa miongoni mwa riwaya kubwa za kwanza za upelelezi kwa Kiingereza, ilitoka wiki kwa wiki katika gazeti la huyo huyo Dickens. Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa amekwisha kumtumia mpelelezi mmoja, Dupin, katika hadithi tatu fupi baina ya mwaka 1841 na 1844, naye ndiye babu wa wapelelezi wote wa vitabuni. Lakini hadithi tatu hazikutosha kuwazoeza wasomaji jambo jipya. Mazoea yalibaki yale yale: hadithi ndefu, iliyokatwa vipande, na ole wake aliyepitwa na toleo moja.

Aliyegeuza mambo ni daktari mmoja, Arthur Conan Doyle. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1859, akasomea udaktari huko huko, kisha akafungua chumba cha kutibia wagonjwa huko Southsea, karibu na Portsmouth. Wagonjwa walikuwa wachache na nafasi ya kuandika ilikuwa nyingi. Riwaya yake ya kwanza juu ya Sherlock Holmes, A Study in Scarlet, aliiuza kwa paundi 25, na haki yote ikawa ya wapiga chapa. Nayo ilitoka mwishoni mwa mwaka 1887 ndani ya kitabu cha Krismasi cha mwaka ule. Ya pili, The Sign of Four, ilitoka mwaka 1890. Wala moja haikuleta kishindo kikubwa. Mwaka 1891 Doyle alihamia London ili awe daktari wa macho, na kwa maelezo yake mwenyewe, mgonjwa hata mmoja hakuvuka kizingiti chake. Hapana budi tuwashukuru wagonjwa hao wasiokuja.

Mwezi wa Januari mwaka ule ule 1891 gazeti jipya la kila mwezi lilikuwa limeanzishwa London, jina lake The Strand Magazine. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1924, Doyle aeleza fikira iliyomjia alipoyatazama magazeti ya namna hiyo. Aliona kwamba hadithi ndefu iliyokatwa vipande huweza kulidhuru gazeti badala ya kulisaidia, kwa kuwa msomaji akikosa toleo moja tu, hamu yake hukatika, naye halinunui tena. Na hadithi fupi zisizohusiana hazimfungi msomaji na gazeti. Basi je, kama mtu mmoja angepita katika hadithi zote, na huku kila hadithi ikikamilika katika toleo lake? Msomaji angemrudia yule mtu kila mwezi kama anavyomrudia rafiki, na mgeni angeweza kuingia mwezi wowote bila ya kuomba maelezo. Hadithi ya kwanza ya namna hiyo, A Scandal in Bohemia, ilitokea mwezi wa Julai 1891, na tangu hapo jina la Holmes likaenea kama moto wa nyikani.

Nimekaa hapa kwa kirefu kwa makusudi. Tunapouliza kama hadithi moja ya Holmes yajitegemea, tukumbuke kwamba huko kujitegemea hakukuwa bahati wala hisani ya mtunzi. Kulikuwa ndiyo bidhaa yenyewe iliyouzwa. Doyle alikuwa ameirudia njia ya Sungura, akaipigisha chapa.

Tena alifanya kazi hiyo kwa ufundi ambao msomaji wa haraka hauoni. Tazama jinsi hadithi zake nyingi zinavyoanza. Katika The Sign of Four, kabla ya shauri lenyewe kuingia, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni, na Holmes kwa kuitazama tu anataja habari za mwenye saa ile. Katika hadithi ya johari ya buluu, ya mwezi wa Januari 1892, ni kofia kuukuu. Katika The Hound of the Baskervilles ni fimbo iliyosahauliwa na mgeni. Saa, kofia na fimbo hizo ni hodi. Msomaji mgeni anapata kujua mara moja huyu Holmes ni mtu wa namna gani, bila ya kuhutubiwa. Na msomaji wa zamani, ambaye amekwisha kujua, anafurahi kuona mchezo aliouzoea ukichezwa kwa chombo kipya. Ukurasa ule ule wawatosha wote wawili. Rafiki msimulizi naye ni ufundi wa namna hiyo. Watson hafahamu upesi, hivyo huuliza, na kila aulizapo, sisi tusiojua twajibiwa pamoja naye.

Yuko atakayesema: pengine Doyle alikuwa na mpango wa siri, na hadithi zote ni riwaya moja kubwa iliyofichwa. Sivyo. Ushahidi wa kwamba hakuwa na mpango huo ni makosa yake mwenyewe. Watson alipigwa risasi vitani Afghanistan. Katika A Study in Scarlet jeraha li begani. Katika The Sign of Four li mguuni. Jina lake ni John, lakini katika hadithi moja ya mwaka 1891 mkewe mwenyewe amwita James. Katika The Final Problem ya mwaka 1893 Watson hajapata kulisikia jina la adui mkubwa, Moriarty. Lakini katika The Valley of Fear, iliyotoka baina ya mwaka 1914 na 1915 ikisimulia mambo ya kabla ya hapo, Watson amjua Moriarty vizuri sana. Wapo watu wazima wenye elimu waliotumia miaka wakijaribu kuyapatanisha mambo hayo. Mimi naona bora wangekwenda kuvua samaki. Mtu atungaye riwaya moja ndefu hurudi nyuma kutazama jeraha liko wapi. Doyle hakurudi, kwa kuwa hakumtazamia msomaji awe na toleo la zamani mkononi.

Mpaka hapa jibu laonekana kuwa rahisi: kila hadithi yajitegemea, chukua uipendayo. Lakini mwezi wa Disemba 1893 likatokea jambo lililoharibu urahisi huo. Doyle alikuwa amechoka na mpelelezi wake. Alitaka kuandika riwaya za historia, ambazo yeye aliziona kuwa kazi yake ya heshima, na Holmes alikuwa akimlia wakati wake. Basi akamwua. Katika The Final Problem, Holmes na Moriarty wanakutana juu ya maporomoko ya Reichenbach, katika nchi ya Uswisi, na Watson arudi peke yake.

Sasa fikiri juu ya wasomaji wawili wa hadithi hiyo. Wa kwanza hajapata kumsoma Holmes hata siku moja. Ameikuta hadithi hiyo imechapwa peke yake katika kitabu cha darasani. Ataisoma mpaka mwisho, na hatakuta neno asilolielewa. Ataambiwa Holmes ni nani, Moriarty ni nani, na kwa nini wanachukiana. Atafahamu yote. Lakini hatahuzunika, au atahuzunika kidogo tu, kama tunavyohuzunika tusikiapo kifo cha mtu wa kijiji cha mbali. Wa pili amesoma hadithi zote zilizotangulia tangu mwezi wa Julai 1891. Kwake yeye maneno ni yale yale, kurasa ni zile zile, ila anapofika mwisho hufunga kitabu asiseme neno. Tofauti baina yao haimo ndani ya hadithi. Ni akiba aliyoiweka yule wa pili mwezi kwa mwezi bila kujua, na Doyle akaja akaitoa yote kwa siku moja.

Naona hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Kuna kukifahamu kitabu, na kuna kuguswa nacho. Fumbo la upelelezi, yaani nani aliyeua na kwa njia gani, kwa kawaida hukamilika ndani ya kitabu kimoja, na halihitaji msaada kutoka nje. Lakini mara tu mtunzi anapomletea mpelelezi wake mambo ya binadamu, kama kuoa, kufiwa, kushindwa au kufa, kitabu hicho huanza kula akiba ya vingine. Kitaeleweka, lakini sehemu ya nguvu yake itabaki katika vitabu ambavyo msomaji hakuvisoma.

Yafaa niongeze kwamba hata neno "mpangilio" lina hila ndani yake. Doyle alishindwa kuyapinga maombi ya watu, na fedha pia, akatoa The Hound of the Baskervilles kuanzia mwezi wa Agosti 1901 mpaka Aprili 1902, akijifanya kwamba mambo yake yalitokea kabla ya Holmes kuanguka. Mwaka 1903 akamrudisha kabisa, na kueleza kwamba hakuanguka kamwe. Akaendelea hata mwaka 1927, jumla ikawa hadithi fupi 56 na riwaya nne. Je, atakaye kusoma kwa mpangilio afuate upi: ule wa kuchapwa, au ule wa maisha ya Holmes?

Hali hiyo yazidi kuwa ya ajabu kwa Agatha Christie. Mpelelezi wake Hercule Poirot, Mbelgiji mwenye masharubu, alitokea mara ya kwanza mwaka 1920, na tayari alikuwa askari mstaafu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Christie aliandika kitabu cha mwisho wa Poirot, kisha akakifungia. Akaendelea kutoa vitabu vingine vya Poirot kwa miaka zaidi ya 25, na mwisho wake umelala kabatini. Kitabu hicho, Curtain, kilitolewa mwaka 1975, na gazeti la The New York Times likachapa tanzia ya Poirot katika ukurasa wa kwanza tarehe 6 Agosti, kana kwamba ni mtu aliyepata kuvuta pumzi. Ukimhesabia miaka, mzee huyo alipaswa kuwa amepita 100 zamani. Basi kitabu kilichotungwa katikati kilitoka mwishoni, na hakuna msomaji aliyeumia kwa hilo.

Hata hivyo Christie ana dosari moja ambayo mwanafunzi yampasa aijue. Katika Dumb Witness ya mwaka 1937, Poirot akizungumza anawataja kwa majina wauaji wanne wa vitabu vilivyotangulia. Na katika Cards on the Table ya mwaka 1936, anafumbua siri ya Murder on the Orient Express, kitabu kilichotoka miaka miwili tu kabla. Kitabu cha pili chajitegemea bila shaka. Ila kimemharibia mwenzake. Huu ni uzembe, na sioni sababu ya kuutetea kwa kuwa mtunzi ni mashuhuri. Kwa hiyo tunapouliza kama kitabu chaweza kusomwa bila ya vilivyotangulia, tuulize pia kama vilivyotangulia vitaweza tena kusomwa baada yake.

Si watunzi wote waliopita njia ya Doyle. Katika nchi ya Sweden, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, mke na mume kwa maisha ijapokuwa hawakufunga ndoa, waliamua tangu mwanzo kuandika vitabu kumi, wala si zaidi. Vilitoka baina ya mwaka 1965 na 1975, kila kimoja kikiwa na sura 30, na wenyewe waliviita vyote kwa jina moja, hadithi ya uhalifu mmoja. Humo ndoa ya mpelelezi Martin Beck inavunjika polepole, rafiki zake wanabadilika, na nchi yenyewe inabadilika. Kila kitabu kina kesi yake, na kesi hiyo hufungwa. Lakini kuchukua cha nane ukaacha saba ni kuingia arusini watu wanaponawa mikono: utakula, hapana shaka, ila hukuwaona maharusi wakiingia. Huko Marekani, Sue Grafton alivipa vitabu vyake herufi za alfabeti kwa utaratibu, akianza na A mwaka 1982. Akafika Y mwaka 2017, akafariki mwaka huo huo, na Z haikuandikwa. Herufi zile zaonekana kama amri ya kufuata mpangilio, lakini kila kesi yake imekamilika, na sijaona kwamba mtu aliyeanza na D amepotea njia.

Sasa turudi kwetu, maana ndiko swali letu linakoumana na rafu za maktaba zetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kisiwani Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 alifanya kazi katika idara ya afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baada ya miaka kumi akawa mhariri wa Mkulima, kazi aliyoishika hata alipostaafu mwaka 1968. Alikuwa basi mtu wa magazeti, ajuaye jinsi msomaji anavyovutwa. Katika mashindano ya kutunga hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza, nayo ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndimo alimotokea Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum.

Wachambuzi wamesema mara nyingi kwamba Bwana Msa na Najum wametoka kwa Holmes na Watson. Ni kweli, wala si aibu. Doyle naye alichukua kwa Poe. Lakini Bwana Msa si Mwingereza aliyevikwa kanzu. Mambo yake ni ya Unguja: mizimu na hofu ya watu juu yake, mashamba na wenye mashamba, siri za nasaba na za ndoa ambazo jamaa wanazifunika kwa miaka. Hata Giningi iliyomo katika jina la kitabu cha pili ni mahali ambapo masimulizi ya visiwani huwataja wachawi kukutana. Bwana Msa huingia katika giza hilo na akili yake tu, akatoka na mtu, wala si pepo.

Je, vitabu vyake vyajitegemea? Tazama miaka yake, utapata jibu. Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 kilikuja Kisima cha Giningi mwaka 1968. Kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na mwisho Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwanafunzi wa miaka 15 aliyesoma cha kwanza kilipotoka, alikuwa na miaka 23 cha pili kilipofika madukani, na miaka 39 kilipotoka cha saba. Tena havikutoka kwa mpiga chapa mmoja. Cha pili, kwa mfano, kilitolewa London na Evans Brothers, na vile vya miaka ya 1970 vikatoka Nairobi. Mtunzi gani mwenye akili angeandika kitabu cha mwaka 1968 akitumaini kwamba msomaji anacho kile cha 1960, au anakikumbuka? Doyle alikuwa na hofu ya msomaji kukosa toleo la mwezi mmoja. Abdulla alijua kwamba wasomaji wake wengi watakosa vitabu vizima. Haja ile ile, kwa sababu iliyo nzito zaidi, ikazaa ufundi ule ule: kila mara Bwana Msa huingia akijulishwa upya, na kila fumbo hufungwa kabla ya ukurasa wa mwisho.

Tena naamini kwamba msomaji wa Kiswahili hakuona ugeni katika hilo. Alikuwa amelelewa na Abunuwasi. Mtu mmoja mwerevu, visa vingi, na kila kisa kimefungwa kwa kamba yake: hiyo ilikuwa nyumba aliyoizoea, ila sasa ina samani mpya.

Hata kuna faida ya kusoma kimoja tu, ingawa wengi hawaitaji. Mwenye kuvisoma vyote mfululizo huanza kuyajua mazoea ya mtunzi. Akifika kitabu cha nne, humshuku kila mtu ambaye nasaba yake haikuelezwa sawasawa, na mara nyingi shaka yake huwa na mafanikio. Mgeni hudanganywa vizuri zaidi. Na katika hadithi za upelelezi, kudanganywa vizuri ndiko tunakolipia.

Lakini liko jambo ambalo msomaji wa kitabu kimoja hataliona, nalo ni la historia. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Wenye mashamba makubwa waliondolewa, na maisha ya mji yakageuka. Vitabu sita kati ya saba vilitoka baada ya hapo. Na hata hivyo Zanzibar ya Bwana Msa, kwa jumla, ni ile ya kabla ya Mapinduzi. Mwenye kusoma kimoja huchukua picha hiyo kuwa pambo la hadithi tu, akaendelea. Mwenye kuvipanga saba mbele yake, na tarehe zake za kuchapwa, hana budi kuuliza kwa nini saa ya ukutani imesimama katika nyumba hii. Je, mtunzi aliipenda ile Zanzibar ya ujana wake? Aliogopa kuiandika hii mpya? Au aliona, kama Doyle aliyebaki na Holmes wake katika London ya magari ya farasi hata mwaka 1927, kwamba mpelelezi wa namna hii hawezi kuhamishwa zama zake? Mimi naegemea hilo la mwisho, lakini mwanafunzi wa historia na ajaribu yote matatu.

Watunzi waliofuata sitakaa nao sana. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974 na kumrudisha katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa alikuwa na Joram Kiango wake. Hao ni watu wa bastola na ndege, na visa vyao huenda kwa mbio hata msomaji hapati nafasi ya kuuliza nini kilitangulia. Mwanafunzi na aanze na kile atakachokiona kwanza.

Kwa Bwana Msa nashauri kidogo zaidi. Vitabu sita vya kwanza vyaweza kusomwa kwa namna yoyote, na anayekipata Siri ya Sifuri peke yake asikirudishe rafuni. Cha saba nakitenga. Jina lake ni Kosa la Bwana Msa, na jina hilo lilitolewa miaka 24 baada ya Bwana Msa kujulikana kwa watu kama mtu aonaye wasiyoyaona wengine. Asiyemjua atalipita neno "kosa" bila kusita, kwa maana watu wote hukosa. Anayemjua atasimama mlangoni na kujiuliza, hata Bwana Msa? Kusimama huko hakukuandikwa ndani ya kitabu. Msomaji huja nako. Kwa hiyo ikiwa maktaba yenu ina viwili tu vya Abdulla, na kimoja ni hicho, anza na kile kingine.